Kumtembeza mbwa kwenye maeneo ya kale Uingereza: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wetu tulikulia nyumba ambazo mbwa alikuwa mlinzi. Mchana analala kivulini karibu na geti, usiku anafunguliwa, na hakuna aliyewahi kufikiria kumvisha kamba na kwenda naye matembezi. Halafu maisha yakatuleta Uingereza, watoto wakaomba mbwa, na sasa yumo ndani ya nyumba, anataka kutoka asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Bustani ya mtaani inachosha upesi, na ikifika Jumamosi mtu huanza kutafuta pengine pa kwenda.

Napendekeza maeneo ya kale: maduara ya mawe, matuta ya makaburi na ngome za vilimani, mengine yana umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mengi hayana kiingilio, yako wazi mwaka mzima, yana nafasi na upepo, na mbwa anakaribishwa. Ukaribisho huo una masharti, na nitajitahidi kueleza sababu ya kila sharti, kwa sababu sharti usilolielewa ni rahisi kulivunja.

Kabla ya yote, elewa unakanyaga nini

Mgeni akifika hutazama mawe. Mawe ni makubwa, yamesimama, yanapigwa picha. Lakini sehemu kubwa ya ukumbusho wenyewe iko chini ya nyasi, na hapo ndipo miguu ya mbwa inapofika.

Chukua mfano wa Durrington Walls, karibu kilomita 3 kutoka Stonehenge, lile duara maarufu la mawe kusini mwa England. Ukienda leo utaona bonde la malisho tu, na tuta lililochakaa pembeni. Kati ya mwaka 2004 na 2007 wanaakiolojia, akiwemo Mike Parker Pearson, walichimba humo wakakuta sakafu za nyumba za watu walioishi hapo karibu mwaka 2500 KK, wakati mawe makubwa ya Stonehenge yanasimamishwa. Walikuta meko katikati ya vyumba na mifupa mingi ya nguruwe walioliwa kwenye karamu. Watu wamepita juu ya kijiji hicho kwa karne nyingi bila kujua.

Mwanaakiolojia husoma udongo kwa tabaka. Kipande cha mfupa kina maana kwa sababu kilikutwa chini ya hiki na juu ya kile. Mbwa akichimba kwa dakika mbili, tabaka zinachanganyika, na hazitarudishwa tena hata ukifukia shimo vizuri kiasi gani. Ukilishika jambo hili moja, karibu kila kanuni inayofuata utaibuni mwenyewe.

Na usidhani mbwa ni mvamizi mahali hapa. Kwenye Windmill Hill, kilima kilicho karibu na Avebury, duara jingine kubwa la mawe, mwanaakiolojia Alexander Keiller alipochimba katika miaka ya 1920 yalipatikana mabaki ya mbwa wa Zama za Mawe. Jino la mbwa lililopatikana Blick Mead, chemchemi iliyo karibu na Stonehenge, lilipimwa, na mwaka 2016 watafiti wakatangaza kwamba yaelekea mbwa huyo alikulia upande wa York, umbali wa kilomita 400 hivi, akasafiri na watu miaka 7,000 iliyopita. Huko visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, kaburi la mawe la Cuween Hill lilikutwa na mafuvu 24 ya mbwa. Mwaka 2019 taasisi ya Historic Environment Scotland ilionyesha sura ya mmoja wao iliyotengenezwa upya kutokana na fuvu lake, na ukiitazama picha ile unamwona mbwa kabisa, masikio yamesimama, anakutazama. Mtu fulani alimzika kwa heshima. Mimi hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Hatua ya 1: Chagua eneo, na ujue ni la nani

Maeneo haya yana wasimamizi tofauti, na kila mmoja ana kanuni zake. England utakutana zaidi na English Heritage na National Trust, Wales ni Cadw, na Scotland ni Historic Environment Scotland. Mengine yako kwenye shamba la mtu binafsi, na njia ya umma inakatiza tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma ukurasa wa eneo lenyewe kabla ya kutoka nyumbani, siku ile ile ikiwezekana, kwa sababu eneo linaweza kufunga kipande cha njia kwa ajili ya matope au kondoo wanaozaa.

Kosa linalowapata wengi ni Stonehenge. Ndani ya eneo la tiketi anaruhusiwa mbwa msaidizi peke yake, kwa mfano yule anayemwongoza kipofu. Mbwa wako wa kawaida atabaki nje, na hakuna anayepaswa kumfungia ndani ya gari. Gari likisimama juani hugeuka tanuri kwa dakika chache, hata siku ambayo wewe unavaa sweta.

Lakini ardhi inayozunguka Stonehenge, kubwa sana, iko chini ya National Trust na ina njia nyingi ambazo mbwa mwenye kamba anapita. Anzia Woodhenge, ambako nguzo fupi za saruji zinaonyesha mahali miti iliposimama, vuka Durrington Walls, kisha fuata uelekeo wa magharibi hadi Cursus, mtaro mrefu wa karibu kilomita 3 uliochimbwa zamani kuliko duara la mawe lenyewe. Kutoka huko utayaona mawe ya Stonehenge kwa mbali, pamoja na mbwa wako, na hujalipa hata senti ya kiingilio.

Kwa wanaoishi kaskazini, Castlerigg karibu na mji wa Keswick ni pazuri mno: duara la mawe katikati ya milima, kuingia bure. Kwa walioko kusini kuna Maiden Castle huko Dorset, ngome ya Zama za Chuma yenye mahandaki na matuta yanayozunguka kilima kizima. Wa Oxford wana Rollright Stones, na wana farasi mweupe wa Uffington, mchoro wa chaki wenye urefu wa mita 110 na umri wa karibu miaka 3,000. Usimpitishe mbwa juu ya farasi huyo. Kila mstari wake ni mtaro uliojazwa chaki kwa mkono na kutwangwa, na watu wa kujitolea huufanyia kazi hiyo upya kila baada ya muda.

Nunua au pakua ramani ya Ordnance Survey ya eneo unalokwenda. Ina faida moja ambayo wengi hawaijui: majina ya mambo ya kale yameandikwa kwa herufi za mtindo wa zamani, zile nzitonzito zenye ncha. Ukiona kijilima kimeandikwa hivyo, ujue ni kaburi au ngome, hata kama kwa macho kinaonekana kichuguu cha kawaida tu.

Hatua ya 2: Jua sheria nne au tano

England peke yake ina karibu maeneo 20,000 yaliyosajiliwa kulindwa, na sheria ya mwaka 1979 ya maeneo ya kale inafanya kuyaharibu kuwa kosa la jinai.

Kwenye ardhi iliyofunguliwa kwa umma kwa sheria ya mwaka 2000, ile iliyopakwa rangi ya manjano hafifu kwenye ramani, mbwa lazima awe na kamba kati ya tarehe 1 Machi na 31 Julai, kwa sababu ya ndege wanaotaga chini kwenye nyasi. Karibu na mifugo, kamba ni lazima mwaka mzima. Na kamba yenyewe imeelezwa: iwe ya urefu usiobadilika, usiozidi mita 2. Zile za kujirefusha zenye kitufe hazikidhi sharti hilo.

Mbwa akiwa mahali pa umma lazima awe na kola yenye jina na anwani ya mwenyewe. Kisahani kidogo kilichochongwa kinatosha. Lazima pia awe na chipu chini ya ngozi, na namba yako ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu iwe ya sasa. Watu huhama nyumba wakasahau hilo.

Sheria ya mifugo, ya mwaka 1953, ndiyo kali kuliko zote kwa mwenye mbwa. Nitaieleza kwenye hatua ya kondoo.

Hatua ya 3: Funga mkoba

Maji na bakuli, hata kama ramani inaonyesha mto. Vilima vya chaki vya kusini mwa England havishiki maji, na vijito vingi hukauka ifikapo kiangazi. Kivuli nacho hakuna; waliojenga matuta haya walipenda mahali palipo wazi. Siku ya joto kali toka alfajiri au usitoke kabisa.

Mifuko ya kinyesi, zaidi ya unavyodhani utahitaji. Kifaa cha kutolea kupe. Taulo kuukuu. Kamba ya pili, kwa sababu kamba hukatika.

Hatua ya 4: Kamba mkononi, kuanzia mlango wa gari

Najua mbwa wako anasikia. Najua akiitwa anakuja. Mvishe kamba tu.

Sababu ya kwanza ni miinuko. Matuta ya ngome na kingo za mahandaki zina ngozi nyembamba ya nyasi juu ya chaki au udongo laini. Mbwa akishuka kwa kasi, kucha zake zinachana nyasi, na mvua inayofuata inaingia kwenye mchano huo. Wiki baada ya wiki, mbwa baada ya mbwa, mchano unakuwa mfereji. Pale Avebury huwa kuna vipande vya tuta vilivyozungushiwa uzio ili nyasi ziote tena. Kurusha mpira kwenye miinuko ni kubaya kuliko kutembea, kwa sababu mbwa hufunga breki kwa miguu yote minne. Mpira ubaki bustanini.

Wewe mwenyewe pia fuata njia iliyokatwa, na kama njia imekuwa tope, chagua siku nyingine. Hadrian's Wall, ukuta ulioanzwa na Warumi mwaka 122 BK, una njia ya miguu ya kilomita 135, na watembeaji wanaokusanya mihuri ya kumaliza njia hiyo hupewa msimu wa Mei hadi Oktoba tu. Majira ya baridi udongo umelowa, na kila hatua inazama kwenye kile kilichozikwa. Kanuni ile ile itumie kwenye ngome na matuta yote.

Sababu ya pili ni mashimo. Sungura na badger, mnyama wa jamii moja na nyegere wetu, hupenda sana matuta ya makaburi kwa sababu udongo wake ni mlaini na mkavu. Mbwa hunusa shimo, na akiwa wa aina ndogo ya kuwindia panya, ataingia moja kwa moja. Wengine hukwama huko chini. Halafu pango la badger linalindwa kwa sheria yake yenyewe ya mwaka 1992, na kumwingiza mbwa humo, kwa kusudi au kwa kutojali, ni kosa. Hebu fikiria: mbwa amekwama ndani ya kaburi la miaka 4,000 ambalo huruhusiwi kulichimba, kwenye pango ambalo huruhusiwi kuligusa. Kamba ya mita 2 inakuepusha na yote hayo.

Sababu ya tatu ni nyoka. Uingereza ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, adder, mdogo, mwenye mstari wa pembepembe mgongoni. Siku za kwanza za jua la masika hutoka na kulala juu ya kingo zenye joto na kando ya mawe. Haumi mtu asiyemsumbua, lakini mbwa hutanguliza pua. Akiumwa, mbebe ukiweza asitembee, na umfikishe kwa daktari wa mifugo haraka.

Usimfunge mbwa kwenye jiwe ili upige picha. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Kamba inasugua, na kinachosuguliwa ni kile nitakachokieleza kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kondoo na ng'ombe

Ukikuta kondoo ndani ya duara la mawe, wako kazini. Wanakula nyasi ziwe fupi, wanazuia vichaka ambavyo mizizi yake ingepasua tabaka za chini, na kwato zao ni nyepesi kuliko mashine. Bila wao maeneo mengi yangefunikwa na miiba.

Mbwa hahitaji kuuma ili aue. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba kwa hofu peke yake, na wana-kondoo wakitenganishwa na mama zao hufa. Msimu wa kuzaa huanza mwishoni mwa baridi na kuendelea masika yote. Kwa sheria ya mwaka 1953, hata mbwa kuwa huru ndani ya uwanja wenye kondoo bila kudhibitiwa kwa karibu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kusumbua mifugo. Na mkulima anayempiga risasi mbwa ili kulinda kondoo wake, pasipo njia nyingine, ana utetezi mahakamani. Usifike huko.

Basi, ukifika kwenye lango, simama. Tazama uwanja mzima kabla ya kuingia. Fupisha kamba mpaka mbwa awe ubavuni. Pita mbali na kundi, usilikate katikati. Funga lango kama ulivyolikuta limefungwa. Ukilikuta wazi, liache wazi, huenda mkulima amelifungua ili wanyama wafike kwenye maji.

Ng'ombe ni habari tofauti, na hapa kanuni inageuka. Ng'ombe mwenye ndama humwona mbwa kama adui, na atamkimbilia mbwa, wala si wewe. Wakianza kuja kwa kasi, achia kamba. Mbwa ana mbio kuliko ng'ombe na atajiokoa. Wewe ukimng'ang'ania utakuwa kati yao. Watu hufa Uingereza kwa sababu hii. Tembea kwa utulivu kuelekea kwenye uzio, usiwape mgongo kwa kukimbia, kisha umwite mbwa ukiwa upande wa pili. Na ukiona tangu langoni kwamba ng'ombe wenye ndama wamekaa juu ya njia, tafuta njia nyingine. Siyo woga.

Hatua ya 6: Akichimba, akipata kitu

Dalili huanza mapema: mbwa ananusa mahali pamoja, anapumua kwa nguvu, mguu wa mbele unakwaruza mara moja. Usingoje mkwaruzo wa pili. Mvute kwa upole na uendelee kutembea. Kumpigia kelele humfanya adhani mahali pale pana hazina.

Kama tayari amechimba, mtoe, rudisha udongo kwa mkono bila kuushindilia, uache. Kama amefukua kitu, iwe mfupa, kigae cha chungu au gumegume lenye makali yaliyochongwa, kiache pale pale kilipo. Piga picha, chukua mahali kwenye ramani ya simu, na umjulishe msimamizi wa eneo. Kama amekwisha kukibeba mdomoni na hujui alikitoa wapi hasa, kihifadhi bila kukiosha na upeleke taarifa hiyo hiyo. England na Wales zina mpango wa Portable Antiquities Scheme, na kila mkoa una afisa wa kupokea taarifa za vitu vilivyookotwa. Ni watu wapole, hawatakulaumu, na wanafurahi zaidi kuambiwa kuliko kufichwa. Mfupa ukionekana wa mtu, piga simu polisi. Huo ndio utaratibu hata kama mfupa una miaka elfu nne.

Watoto wakiwa nanyi, wafundishe jambo hili kabla hamjatoka. Gumegume zuri mfukoni mwa mtoto ni kipande kilichoibwa kwenye kitabu ambacho hakuna aliyekimaliza kukisoma.

Hatua ya 7: Mkojo na kinyesi

Mbwa dume ataona jiwe lililosimama na atafikiria jambo moja. Usimruhusu. Yale mabaka ya kijivu, manjano na kijani juu ya mawe ni viumbe hai, likeni, wanaokua polepole mno, pengine chini ya milimita moja kwa mwaka. Baka la upana wa kiganja limekuwapo tangu kabla babu yako hajazaliwa. Mkojo wa mbwa una naitrojeni nyingi na chumvi, na ukirudiwa kila siku sehemu ya chini ya jiwe hupoteza likeni zake. Mpe mbwa nafasi ya kukojoa kabla hamjafika kwenye mawe, kwenye nyasi za kawaida karibu na maegesho, halafu mpitishe kwenye mawe kwa kamba fupi. Madume wengi huelewa baada ya kurudiarudia.

Kinyesi kiokote chote, hata ndani ya nyasi ndefu ambako hakuna anayekuona. Kinaweza kubeba kijidudu cha Neospora, kinachofanya ng'ombe waharibu mimba, na mayai ya minyoo inayowapata kondoo. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Ipo pia sababu isiyosemwa sana: maua ya porini ya vilima vya chaki huota pale kwa kuwa udongo wake ni maskini. Ukiurutubisha, majani makubwa hufunika okidi na maua ambayo vipepeo wa bluu huyategemea. Mwaka 2022 watafiti wa Ubelgiji walipima maeneo ya asili karibu na mji wa Ghent wakakadiria kuwa mbwa huacha kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha mbolea.

Mfuko ukishajaa unarudi nao. Usiutundike kwenye mti kwa nia ya kuuchukua wakati wa kurudi.

Na kama mbwa amepakwa dawa ya viroboto shingoni siku za karibuni, asiingie kwenye vijito na vidimbwi. Dawa hizo zimekutwa mitoni Uingereza, na zinaua wadudu wa majini.

Hatua ya 8: Ndani ya makaburi, na watu utakaowakuta

Makaburi mengine yako wazi, unaingia ukiinama. Binafsi simuingizi mbwa: mmoja wetu hubaki naye nje, halafu tunapokezana. Ndani pana giza na pembe nyembamba, na watu huacha sadaka. Utakuta mishumaa, matunda, maua, chokoleti, zabibu kavu. Mbili za mwisho ni sumu kwa mbwa.

Walioacha vitu hivyo wana imani yao, na mahali hapo kwao ni patakatifu. Ukikuta watu wameketi kimya au wanaimba, zunguka. Karibu na tarehe 21 Juni, siku ndefu kuliko zote, na tena kwenye siku fupi ya Desemba, Stonehenge na Avebury hujaa watu. Penye umati na ngoma si mahali pa mbwa.

Wapo pia wanaoogopa mbwa, na wapo ndugu zetu ambao kwa dini yao hawataki mate ya mbwa yawaguse. Mbwa akikimbilia mtoto wa watu na wewe unapaza sauti kutoka mbali kwamba hana neno, hujamsaidia mtoto yule. Mfupishie kamba, mweke upande wako wa nje, salimia, pita.

Matembezi ya kwanza: Avebury

Kama hujawahi kwenda popote, anza hapa. Avebury, mkoa wa Wiltshire, ni duara la mawe kubwa kuliko yote duniani. Lina kijiji ndani yake na kondoo wanalisha kati ya mawe. Handaki linalolizunguka lilichimbwa kwa pembe za kulungu hadi kina cha mita 9 hivi, na leo, ingawa limejaa udongo nusu, bado linakufanya ujione mdogo. Kuingia ni bure. Maegesho hulipiwa usipokuwa mwanachama wa National Trust.

Zunguka duara kwanza, mbwa akiwa na kamba, ukipita malango bila kupanda tuta mahali palipochubuka. Toka upande wa kusini kwa West Kennet Avenue, safu mbili za mawe zilizoelekea kilima cha Overton. Kutoka huko njia za umma zitakuleta West Kennet Long Barrow, kaburi refu la karibu mita 100 lililojengwa karibu mwaka 3650 KK, ambamo walizikwa watu wapatao 36. Barabara ya A4 utaivuka mara mbili, na magari yanakwenda mbio: kamba fupi, mtoto mkono wa pili.

Silbury Hill utaiona muda mrefu kabla ya kuifikia. Ni kilima kikubwa kuliko vyote vilivyojengwa na watu wa kabla ya historia Ulaya, kilikamilika karibu mwaka 2400 KK, na hakuna anayejua kwa hakika kilikuwa cha nini. Hakipandwi, na mtu wala na mbwa. Utaona wengine wakiruka uzio, waache. Fuata njia kando ya mto Kennet kurudi kijijini. Mzunguko wote ni kilomita 10 hivi, na ukisimama inavyostahili utakula nusu siku.

Ukifika kwenye gari, kabla ya kumpandisha mbwa, mkague palepale. Kupe hujificha ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani na katikati ya vidole, na wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme kwa mbwa na kwa mtu pia, hivyo jikague na wewe na watoto. Mng'oe kupe kwa kifaa chake, usimpake mafuta wala kumchoma. Kiangazi tafuta mbegu za nyasi zenye ncha kati ya vidole na masikioni: huingia ndani ya nyama, na mbwa anayelamba mguu mmoja usiku kucha aghalabu anayo. Futa matope ya miguu kwa taulo, mpe maji, na mfuko wa kinyesi utupe kwenye pipa la maegesho kama lipo, la sivyo uende nao nyumbani.